Maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu kuosha na kusanitaiza vyombo vya kutengenezea bia nyumbani

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi mpaka nimeona bora niyaweke sehemu moja. Wengi wanaouliza tayari wameshamwaga bia, na swali la kwanza huwa ni "dawa gani kali zaidi?" Nitazitaja dawa zote na vipimo vyake, ila niseme mapema kabisa, katika bia nilizoharibu mimi mwenyewe (na si chache) hakuna hata moja ambayo tatizo lilikuwa dawa dhaifu. Kila mara ni sehemu ambayo dawa haikufika kwa sababu uchafu ulitangulia kukaa pale.

Kwani kuosha na kusanitaiza si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kuosha ni kutoa uchafu unaoonekana na unaopapasika, yaani mabaki ya kimea, hamira iliyokauka, utomvu wa hopsi (yale maua machungu yanayoipa bia ladha na harufu), ule ute unaoteleza ukipitisha kidole. Kusanitaiza ni kupunguza vijidudu vilivyobaki baada ya hapo mpaka viwe vichache sana, hamira yako ikiingia inavizidi nguvu kabla havijaanza kuzaana. Halafu kuna kustereliza, kuua kila kitu mpaka zile mbegu za bakteria zinazovumilia moto, hiyo ni kazi ya presha kuka nyuzi 121 kwa dakika 15 na nyumbani hauhitaji kwenda huko labda uwe unahifadhi na kukuza hamira mwenyewe.

Utaratibu ni mmoja, osha kwanza, suuza, ndio usanitaize. Dawa ikikuta ute inaua wale wa juu tu, wa chini wamejifunika blanketi na wanaendelea na usingizi wao. Hakuna kipimo cha dawa kinachotibu chombo kichafu, hata umimine chupa nzima.

Nisanitaize vitu gani hasa, kila kitu?

Kila kinachogusa bia baada ya kuchemsha. Sufuria ya kuchemshia, mwiko uliokuwa unakorogea wakati inachemka, chujio la kimea, hivyo vinatakiwa kuwa visafi tu kwa sababu moto unamaliza kazi yenyewe. Ila ukishazima moto na ile supu ya kimea ikaanza kupoa, hasa ikishuka chini ya nyuzi 60 hivi, hapo imekuwa chakula kitamu kwa kila kijidudu kinachopita. Sukari imo, uvuguvugu upo, na hamira bado haijaingia kulinda. Kwa hiyo ndoo ya kuchachushia, mfuniko wake, kile kizibo cha kupumulia kinachotoa gesi ya uchachu, mpira wa kuhamishia, koki, haidromita (ile ya kupimia sukari), mkasi unaokatia pakiti ya hamira na pakiti yenyewe kwa nje, vyote vipite kwenye dawa.

Mkasi watu wanausahau sana. Na mikono pia.

Sabuni ya vyombo haitoshi?

Kwa sufuria inatosha ukisuuza vizuri. Kwa ndoo na chupa mimi siipendi, harufu yake inaingia kwenye plastiki haitoki kirahisi na mabaki yake yanaua povu la bia, unamimina glasi inakaa kama chai. Kama huna kingine tumia ile isiyo na manukato, kidogo tu, kisha suuza mpaka uchoke halafu suuza tena mara moja.

Hiyo poda ya oksijeni mnayoisifia ni nini na inatumikaje?

Inaitwa sodiamu pakaboneti, na ndiyo iko ndani ya zile sabuni za kufulia za "oksi". Ukichukua ya dukani chagua isiyo na harufu wala rangi. PBW, poda ya kuoshea wanayoipenda wapikaji wa bia, nayo ni ya ukoo huohuo ila imeongezewa vitu vya kusaidia kwenye maji magumu, yale yenye chokaa nyingi. Ukiiweka kwenye maji ya moto inavunjika inakuwa magadi na peroksaidi, magadi yanalainisha mafuta na protini, peroksaidi inatoa vipovu vinavyobandua uchafu. Ndio maana haihitaji usugue sana, unaloweka unaenda kufanya mambo yako.

Kipimo changu ni kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4, maji ya nyuzi 50 mpaka 60, dakika 30. Kwa ndoo yenye ile pete ngumu ya kahawia iliyoachwa na povu la uchachu naacha usiku mzima. Kwenye maji baridi inafanya kazi polepole mno, wengi wanaosema "hii poda ni uongo" wameitumia na maji ya bomba yalivyotoka.

Mambo matatu ya kuangalia. Usiifunge kwenye chombo kilichobana, ile gesi inaendelea kutoka na chombo kinaweza kupasuka, mfuniko uache umelegea. Usiiache kwenye sufuria ya aluminiamu, itaitia weusi na kuila. Na kama maji yako ni magumu ukiloweka muda mrefu unakuta utando mweupe kama chokaa kwenye chupa, usishtuke, si sumu, suuza na siki iliyochanganywa na maji na utaondoka.

Halafu suuza! Hii ni ya kuoshea, haimo kwenye zile dawa za "usisuuze".

Sasa kwa kusanitaiza nichukue dawa gani?

Mimi natumia Star San na sijaona sababu ya kuhama. Ni asidi ya fosforiki pamoja na aina fulani ya sabuni kali, ikikaa kwenye pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ya chini ya 3 vijidudu havina maisha. Kipimo ni mililita 30 kwa lita 19 za maji, ukitaka kidogo ni kama mililita 1.5 kwa lita moja, na hapo nunua bomba la sindano lisilo na sindano upimie, usikadirie kwa jicho. Chombo kilowe kwa dakika moja mpaka mbili, mwaga, tumia kikiwa bado kibichi. Usisuuze. Ukisuuza na maji ya bomba umerudisha vijidudu ulivyokuwa umeviondoa, kazi bure.

Ya pili ni ayodofa, ile ya ayodini. Nayo ni nzuri na haina povu jingi, kama mililita 15 kwa lita 19 kwa zile za kawaida, lakini soma lebo kwa sababu nguvu zinatofautiana. Uzuri wake inajisema yenyewe, maji yakiwa na rangi ya chai nyepesi bado iko hai, rangi ikififia imeisha nguvu. Ubaya wake inatia madoa kwenye plastiki na mipira na mashati.

Zote mbili vaa glavu unapopima ile ya chupani, ikiwa haijachanganywa inaunguza ngozi.

Povu la Star San limejaa kwenye ndoo yangu, nimwage bia?

Hapana! Mimina bia juu ya povu. Kiasi hicho kilichochanganywa hakina ladha na hakiui hamira. Kila mpikaji anaogopa mara ya kwanza, hata mimi nilikaa nusu saa natikisa ndoo ili povu litoke na kadri nilivyotikisa ndivyo lilivyoongezeka.

Na jiki? Ipo nyumbani tayari

Inafanya kazi, na watu wameitumia miaka mingi kabla hizi nyingine hazijajulikana. Ila ina masharti yake na mimi nimeiacha.

Tumia ile ya kawaida isiyo na manukato wala uzito wa jeli. Mililita 4 kwa lita moja ya maji baridi, loweka dakika 20, kisha lazima usuuze vizuri na maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya moto usiyatumie kuichanganyia, yanaifukuza klorini inaishia hewani na puani kwako. Usiloweke stenlesi humo, klorini inatoboa vishimo vidogo vidogo, unakuta kegi nzuri, lile pipa la chuma la kuwekea bia, imeota chunusi za kutu.

Kubwa kabisa, usiichanganye na siki wala asidi yoyote, wala na kitu chenye amonia. Siki ikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini, amonia inatoa gesi nyingine mbaya vilevile. Jikoni ukiwa umefunga madirisha hiyo si hadithi ya kuchekesha. Star San nayo ni asidi, kwa hiyo usiweke ndoo ya jiki na ndoo ya Star San pembeni ukawa unahamisha vitu humu na humu.

Sababu ya kuiacha ni ladha. Klorini ikibaki kidogo tu inaungana na vitu vya kwenye kimea inatoa ladha ya plasta ya kidonda, ile harufu ya chumba cha sindano. Kiasi kidogo sana ulimi unakijua, na haiondoki hata ukiacha bia ikae miezi.

Siki, maji ya chumvi, spiriti, maji ya moto?

Siki ni ya kutoa chokaa na kung'arisha shaba, usiitegemee kuua vijidudu. Chumvi hapana. Spiriti ya asilimia 70 kwa vitu vidogo na sehemu za kupulizia ni nzuri, na ya 70 inashinda ya 95 kwa sababu yale maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kupenya ndani ya kijidudu. Iweke mbali na moto tu. Maji yanayochemka ni mazuri kwa chuma, dakika 10 hadi 15, ila kwa ndoo ya plastiki itajikunja na kwa chupa kubwa ya kioo iliyo baridi itapasuka mikononi mwako.

Naosha kila kitu na dawa nzuri natumia lakini bia inachacha chupani, shida nini?

Fungua koki.

Nasema hivi kwa uchungu. Mimi bia tatu mfululizo zilinifanyia hivyo. Naionja ikiwa bado kwenye ndoo ya kuchachushia, safi kabisa, nahamishia kwenye ndoo ya kujazia, najaza chupa, wiki tatu baadaye nafungua, inachacha na inatoka na kishindo. Nikabadilisha hamira. Nikalaumu chupa. Nikaongeza dawa mara mbili (kosa, na nikaishia na mikono iliyochubuka). Kumbe ile koki ya plastiki ya ndoo ya kujazia sijawahi kuitoa tangu ninunue, nilikuwa napitisha dawa ndani yake naona inatiririka najua imeiva.

Siku hiyo nikafungua ile nati ya ndani, nikaitoa koki, nikaiweka kwenye maji ya moto dakika tano, kisha nikasukuma kile kibomba cha katikati kwa kidole gumba. Sikujua hata kama huwa kinatoka. Kikachomoka na pale kinapozungukia kulikuwa na pete ya ute wa kahawia, unavutika kama gundi, unanuka maziwa yaliyolala. Kila nikifungua koki kujaza chupa bia yote lita 20 inapita hapo, chupa moja baada ya nyingine. Nilikaa naiangalia tu.

Kwa hiyo kila unapomaliza kujaza, koki itoke kwenye ndoo, igawanywe vipande, washa za mpira zivuliwe, vyote viloweke kwenye poda ya oksijeni, brashi ndogo ipite ndani. Kabla ya kutumia tena vipande vilowe kwenye sanitaiza ndio uunganishe. Valvu za stenlesi za sufuria nazo ni hivyohivyo, zile zenye tufe ndani zinabana maji ya kimea nyuma ya tufe na hauyaoni mpaka uzifungue. Zingine zimetengenezwa kwa vipande vitatu vya kufungulika kwa spana, ukinunua nunua hizo.

Na hii ni dalili nzuri ya kutafutia mkosaji, bia ikiwa nzuri ndooni na mbaya chupani basi tatizo liko kati ya ndoo hiyo na kizibo cha chupa, usihangaike na vya nyuma. Ikiwa chupa zote mbaya ni koki, mpira au ndoo. Ikiwa mbili tatu tu ni chupa zenyewe.

Chupa nazisafishaje bila kupoteza siku nzima?

Zisafishe siku unapokunywa. Ukishamimina tu, jaza maji kidogo, tikisa, mwaga, rudia mara tatu, pindua ikauke. Sekunde 20. Chupa iliyooshwa hivyo siku ya kujaza inahitaji sanitaiza tu. Iliyoachwa na tone la bia chini wiki mbili ina kisiwa cha ukungu na hiyo ni kuloweka usiku kucha na brashi juu.

Chupa za watu wengine, zile unazookotewa na marafiki, loweka kwenye poda ya oksijeni na maji ya moto na lebo zitaelea zenyewe. Kisha inua kila chupa uitazame kwenye taa kutokea mdomoni. Ukiona kivuli chini ambacho brashi haikitoi, itupe. Chupa ni kitu cha bure, bia si ya bure, na bado nakutana na mtu anahangaika na chupa moja dakika kumi kwa kijiti na kitambaa.

Oveni pia inafaa kwa chupa za kioo zilizo safi na kavu. Funika mdomo na foili, ziweke oveni ikiwa baridi, pandisha taratibu, nyuzi 170 kwa saa moja au nyuzi 150 kwa saa mbili na nusu, kisha zima na uziache humohumo mpaka zipoe. Ukizitoa za moto zitapasuka. Uzuri wake foili ikibaki mdomoni zinakaa safi siku nyingi, unaweza kuziandaa wiki kabla. Mashine ya kuosha vyombo kwa hatua ya moto bila sabuni inasaidia, lakini usitegemee ioshe ndani kwa sababu maji hayapandi vizuri kupitia ule mdomo mwembamba, na ile dawa ya kung'arisha glasi inaua povu.

Vizibo vya bati loweka dakika mbili kwenye Star San, usivichemshe, kile kiraka cha ndani kinachobana kinaharibika.

Ndoo yangu ya plastiki imekwaruzika, bado inafaa?

Mikwaruzo midogo ya kuonekana kwa jua tu, endelea. Ile ambayo kucha inanasa, ibadilishie kazi, weka nafaka au maji ya kuoshea. Vijidudu vinaingia kwenye mfereji ule dawa haifiki chini. Ndio maana ndani ya plastiki hakuna waya wa kusugulia, hakuna upande mbaya wa sponji, hakuna kuhifadhi vijiko na koki humo ndani "ili visipotee". Sponji laini au kitambaa, na uvumilivu wa kuloweka.

Kunuka hopsi si tatizo, plastiki inavuta harufu. Kunuka uchachu baada ya kuosha ndio tatizo.

Na ndoo uliyotengenezea bia chachu za makusudi, zile za bakteria, iandike kwa rangi isiyofutika na usiirudishe kwenye bia za kawaida, pamoja na mipira yake na koki yake.

Mipira ya kuhamishia?

Pitisha maji ya moto mara tu unapomaliza, kisha poda ya oksijeni, kisha suuza, kisha itundike wima ikauke kabisa. Ukiikunja ikiwa na maji ndani utakuta madoa meusi, na mpira wenye madoa meusi ni wa kutupa, usianze mjadala nao. Wala usinyonye kwa mdomo kuanzisha bia itiririke, mdomo wa binadamu umejaa bakteria hao hao wa uchachu. Jaza mpira maji ya sanitaiza, ziba kwa kidole, achia, itajivuta yenyewe.

Koili ya kupoozea na sufuria?

Koili ya kuzamisha ni rahisi, ifute uchafu kisha itumbukize kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuzima moto, basi. Shaba ikiwa ya kahawia si kosa, ikiwa ya kijani ifute na siki. Mashine za kupoozea zenye sahani zilizobanana ni habari nyingine, ndani huoni kitu, kwa hiyo pitisha maji kwa kurudi nyuma mara tu unapomaliza, kabla vipande vya hopsi havijakauka, kisha zungusha poda ya oksijeni ya moto kwa pampu mpaka maji yatoke meupe. Mimi niliuza ya kwangu, usingizi ukanirudia.

Sufuria ya aluminiamu ikishapata ule utando wake wa kijivu iache hivyo, ndio kinga yake, ukiisugua ikang'aa umeivua nguo. Sufuria ya stenlesi ikiwa na tabaka la njano lisilotoka kwa poda, gumu kama simenti, hilo ni jiwe la bia, ni kalsiamu oksaleti, magadi hayaliwezi. Linataka asidi. Osha kwanza na poda, suuza, kisha asidi ya kusafishia vyombo kwa kipimo cha lebo. Kostiki soda ipo pia na viwanda vinaitumia, lakini inaunguza ngozi na kupofusha macho na kwa lita 20 za nyumbani sioni sababu ya kuiingiza ndani.

Kegi je?

Toa presha kwanza, vuta ile valvu mpaka isilie tena, ndio ufungue. Kisha vua kila kitu, washa za mpira, zile nguzo mbili za gesi na bia, na mrija mrefu wa kwenda chini. Mrija ndio koki ya kegi, unaelewa ninachomaanisha. Loweka na poda ya moto, upindue kegi uloweke na upande wa juu, piga brashi ndefu kwenye mrija, suuza. Unganisha, jaza sanitaiza na uisukume yote itoke kwa gesi ya kaboni kupitia bomba la kumiminia, hapo bomba nalo limesafishwa na kegi imebaki na gesi tupu isiyo na hewa. Washa za mpira zikishapitiwa na bia ya kahawia yenye viungo zinabaki na harufu, zibadilishe.

Nitajuaje bia imeingiliwa, na nikinywa nitaumwa?

Ukali kama wa maziwa yaliyolala ni bakteria wa laktobasila. Siagi nzito inayozidi kuongezeka mara nyingi ni bakteria wengine, pediokokasi, ingawa siagi kidogo inaweza kuwa hamira haijamaliza kazi. Ladha ya siki ni bakteria wa asetobakta, na hao wanahitaji hewa, kwa hiyo angalia mfuniko unaovuja. Ngozi nyeupe juu yenye mapovu yaliyonasa kama plastiki iliyokunjamana ni dalili ya wazi. Ila kuwa makini, povu la uchachu lina sura mbaya hata likiwa zima, kila wiki naletewa picha ya "maambukizi" ambayo ni vipande vya hamira vinaelea. Subiri, onja.

Kuumwa ni vigumu. Kilevi, hopsi, uchachu wa bia na kukosa hewa vinawazuia vijidudu vingi vya kuleta magonjwa, kwa hiyo bia iliyoharibika mara nyingi ni mbaya tu mdomoni. Ukungu wenye manyoya ya rangi, mwaga. Hatari ya kweli ni chupa. Kuna hamira pori zinazokula sukari ambayo hamira yako haiiwezi, presha inapanda wiki baada ya wiki mpaka kioo kinapasuka. Chupa moja ikifoka ovyo, ziweke zote kwenye baridi, zifunike na taulo, vaa glavu na miwani unapozifungua.

Na usijione mjinga. Carlsberg ya Denmaki, kiwanda chenye maabara yake, bia iliwaharibikia mpaka Emil Christian Hansen akagundua hamira pori imechanganyika na ya kwao, ndio mwaka 1883 wakaanza kutumia hamira safi iliyokuzwa kutoka seli moja.

Nimeingiza mkono kwenye ndoo kuokoa kizibo kilichodondoka, bia imekwisha?

Huenda haijakwisha. Weka hamira ya kutosha na iliyo hai, funga, acha. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama ungekuwa bado hujaweka hamira na unataka kulala kwanza.

Sanitaiza niliyochanganya inakaa siku ngapi?

Star San ukichanganya na maji yaliyokenekwa na kuifunga inakaa wiki nyingi, na maji magumu inaweza kugeuka ya maziwamaziwa siku hiyohiyo. Usihukumu kwa macho, nunua karatasi za kupimia pH, ikiwa chini ya 3 tumia, ikipanda mwaga. Ayodofa ichanganye siku ya kutumia.

Si lazima ujaze ndoo nzima pia. Lita 2 na chupa ya kupulizia zinatosha, nyunyiza kuta mpaka zilowe, zungusha, mwaga. Ile chupa ya kupulizia iweke karibu siku nzima ya kupika, nyunyiza mdomo wa koki, mfuniko, mkasi, vidole. Hiyohiyo jaza kwenye kizibo cha kupumulia badala ya maji ya bomba, maana bia ikipoa inavuta hewa kurudi ndani na kilichomo kwenye kizibo kinaingia nacho.

Bora nioshe nikimaliza au siku ya kupika tena?

Ukimaliza, hata kama ni saa sita usiku na mgongo unauma. Kama kweli huwezi basi fanya hivi tu, jaza ndoo maji ya moto na poda, tumbukiza koki iliyofunguliwa humo, mfuniko uegemee bila kubana, kalale. Asubuhi uchafu wote unakuwa umeelea juu na kazi iliyobaki ni kusuuza.